Kaburini kwa Baba Kulikuwa na Buti

Jumanne, Utemini. Upepo wa Singida umeamka vibaya, mabati yanapiga kelele tangu asubuhi. Nimerudi kutoka Sepuka na vumbi hadi kwenye kope, wala sina hamu ya kuoga.

Nimekasirika. Naandika kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitaanza kuwatetea.

Baba yangu alikuwa rubani wa ndege ya kivita. Alikufa kwenye vita vya Kagera, mimi nikiwa tumboni. Nilichokuwa nacho cha baba ni kaburi lake kule Sepuka, nyuma ya nyumba ya bibi, la saruji, lenye msalaba. Kila Desemba nililipaka chokaa. Nilipofaulu darasa la saba nilikwenda kumwambia. Siku ya harusi yangu nilipita pale, shela likanasa kwenye miiba, nikacheka na kulia kwa pamoja. Sikuwahi kufika bila kusema, "Shikamoo, baba."

Sasa barabara inapanuliwa, na kaburi lazima lihame. Leo limefukuliwa, bwana afya akiwa amesimama na glavu zake. Kilichotoka ni sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni. Ndani mlikuwa na buti mbili nyeusi na shati lililooza.

Bwana afya akauliza kwa upole, "Mabaki yako wapi?"

"Ndiyo hayo," akajibu baba mdogo.

Hakuna aliyeshtuka. Hapo ndipo nilipojua. Mama, shangazi, mpaka jirani aliyeleta sururu, wote walijua.

Mjinga nilikuwa peke yangu.

Kumbe ndege ya baba ilidondokea ziwani na haikuonekana tena. Hakuna mwili uliowahi kuletwa. Mama alinieleza tukiwa tumekaa kando ya rundo la udongo, yeye akitazama mikono yake. Wazee walisema lazima kitu kizikwe, ndipo msiba uishe. Wakazika alivyoviacha nyumbani likizo ya mwisho.

"Tungeanua matanga kwa kitu gani, mwanangu?"

Hilo naelewa. Kweli naelewa. Lakini nilipokuwa na miaka kumi je? Ishirini? Ndoo ya chokaa alinibebea yeye mwenyewe, akasimama pembeni akinisikiliza nikizungumza na viatu.

Viatu! Nimeviamkia maisha yangu yote.

Jumamosi wanazika upya. Baba mdogo anataka nimwage udongo wa kwanza, tena akaninong'oneza, "Binti yako usimwambie. Utamchanganya mtoto." Nilimpandishia sauti mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia. Nikaondoka bila kumuaga yeyote, hata mama. Hilo linaniuma, lakini sijuti. Bado.

Binti yangu Neema yuko darasa la saba. Anataka kuwa rubani kama babu yake. Juu ya kitanda chake amebandika ndege aliyoichora mwenyewe, na jina la babu ubavuni.

Amerudi kutoka shule jioni hii, hata begi hajatua.

"Mama, babu umemsalimia?"

Njia nzima kutoka Sepuka nilikuwa nimejipanga kusema ukweli. Nikamtazama.

"Nimemsalimia," nikasema. "Naye anakusalimia."

Hivi na mama alianza hivihivi?