Jike Asiye na Mkia

Jumatatu, 3 Juni
Hakuna yai hata moja! Nimepekua majani yote ya milimau ndani ya banda la vipepeo, juu na chini. Madume wapo, wa manjano, mikia mirefu, wanazunguka tu bila kazi. Meneja kapita – kasema kizazi kikikatika, banda linafungwa mwisho wa mwezi, mimi naenda getini kuwakatia wageni tiketi. Sawa bosi, nikajibu. Tiketi! Tangu mume wangu afariki, hawa vipepeo ndio ninaoongea nao.

Alhamisi, 6 Juni
Mdogo wangu kaja. Ni yeye tu anayenikumbuka. Nikamfundisha kazi: ukiona kipepeo mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, hana mkia, huyo mdandiaji, kaingia na majani. Fungua mlango atoke. Kacheka, eti dada una roho mbaya, unafukuza wageni. Alipoondoka nikaosha vikombe viwili polepole.

Jumanne, 11 Juni
Jamani! Nimempigia mama mmoja mfugaji mwenzangu, kanicheka mpaka akakohoa. Wale wadandiaji ndio majike! Hawafanani na waume zao hata kidogo. Wanaiga sura ya kipepeo mwingine, mchungu, ili ndege wasiwaguse. Na mimi nimewafungulia mlango mmoja mmoja, tena kwa kuwaaga. Mjinga mimi! Imebaki pupa moja, kile kifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, kijani, ungedhani jani.

Jumamosi, 15 Juni
Pupa imekuwa nyeusi. Rangi ya chungwa inaonekana kwa ndani. Jike!

Jumapili, 16 Juni
Katoka asubuhi. Mabawa yalikuwa yamejikunja kama nguo iliyokamuliwa, kisha yakanyooka. Mzuri! Nikakimbia ndani kuchanganya maji ya sukari. Kurudi – mdogo wangu huyo mlangoni, kaja bila taarifa, meno yote nje.

"Dada, alikuwemo mdandiaji. Nimeshakutolea."

Nilitaka kumrukia. Lakini nikimfokea, nani atakuja tena? Kaniangalia usoni: "Kwani nimekosea?" Nikasema hapana, umefanya vizuri, ila huyu namtaka, nisaidie kumrudisha.

Yuko juu kwenye mfereji wa bati, anafungua na kufunga mabawa. Naandika huku nimesimama, wavu kwapani, macho juu. Naogopa hata kukohoa. Mdogo wangu anaita toka nyuma ya nyumba: ngazi yenyewe fupi, itatosha? Nimemjibu itatosha –