Mashahidi wa Chini ya Mawe

Jumapili, 20 Julai

Wiki ya sita tangu nitoke Kamsamba. Baridi ya Ihanda sijaizoea na sitaizoea. Kwetu watu wanatafuta kivuli, hapa nimevaa masweta mawili na bado natetemeka. Leo hakuna kazi. Nimefua. Viganja vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa kahawa, sabuni haiviwezi.

Kazi yenyewe ni ile ile. Kahawa mbivu inaingia kwenye mashine ya kumenya, mimi nasukuma maganda kwa koleo. Jioni nafungua mfereji, maji ya kuoshea yanakwenda mtoni. Yananuka kama pombe iliyolala siku tatu. Mto huu unashuka mpaka Momba, na Momba unapita nyuma ya nyumba yangu. Mke wangu anachota humo. Kila nikifungua mfereji nakumbuka hilo, na kila jioni nafungua.

Jumanne, 22 Julai

Amekuja mtaalamu wa maji. Mwanamke, Atupele, kwao Ileje. Nilitegemea chupa na dawa za kupimia. Ana wavu wa mpini mrefu na beseni jeupe, basi. Akaomba mtu wa kuingia naye majini. Mwampashi, msimamizi wetu, akanisukuma mimi. Akasema huyu ni mtu wa mpunga, amezaliwa na miguu ya bata. Vibarua wakacheka. Nikaingia.

Kazi ya ajabu. Yeye anashika wavu, mimi nasimama mbele yake upande maji yanakotoka, nachokonoa mawe kwa miguu. Kilichokuwa chini ya mawe kinabebwa na maji hadi wavuni. Tunamwaga kwenye beseni, tunaangalia kilicho hai.

Tulianza sehemu ya mto iliyo juu ya mtambo wa kahawa. Sikuwahi kujua mto una watu wengi hivyo. Mmoja ana mikia mitatu kama nyuzi na amejibana kwenye jiwe hatoki. Mwingine amejijengea nyumba ya mchanga, anatembea nayo. Watoto wa kereng'ende. Kila aina ina alama yake, kama za mtihani. Wenye alama kubwa ni wale wasiovumilia uchafu, maji yakiharibika wanakufa au wanahama. Wenye alama ndogo wanaishi popote.

Kisha tukashuka chini ya mfereji. Beseni lilijaa minyoo wekundu, wanajikunja kama ushanga uliomwagika. Hakuna mwenye mikia mitatu. Hata mmoja. Mwampashi alichungulia, akafurahi. "Si unaona mtaalamu, huku ndiko wamejaa." Halafu simu ikamwita akaondoka. Atupele aliniambia mimi: "Kaka, usihesabu wangapi. Uliza ni nani. Hao wekundu wanapenda pasipo na hewa."

Atarudi baada ya wiki mbili. Hali ikiwa hii, ataandika mfereji ufungwe mpaka yachimbwe mashimo ya kutuamisha maji machafu.

Niliishia darasa la tano. Hakuna mwalimu aliyenifundisha kitu kilichoniingia hivi.

Alhamisi, 24 Julai

Saa ya chakula nilipanda juu peke yangu kugeuza mawe. Mikia mitatu bado wapo. Siame, kibarua mwenzangu wa kijiji cha Mpemba, ananiita mulamu, shemeji ya huko kwao, ingawa sina dada wa kumpa. Leo kaniongezea mzaha. "Mwebantu, jamani watu, mulamu kaacha ugali kaenda kusalimia wadudu." Acheke. Nilimwonyesha mmoja kwenye kiganja. Akaomba amrudishe mwenyewe majini.

Jumapili, 27 Julai

Nimempigia mke wangu. Mtoto wetu mdogo anaumwa tumbo tena. Sijui kama ni maji. Nilimuuliza Atupele siku ile kama uchafu wetu unafika Kamsamba. Alisema hawezi kuapa, ni mbali, mito mingine inaingia katikati na mto una namna ya kujisafisha. Nilipenda kwamba hakunidanganya. Ila pale kivukoni, mwendo mfupi chini ya mtambo, akina mama wanachota kila asubuhi. Wale wana watoto pia. Hasira yangu haihitaji kufika Kamsamba.

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimefanya jambo la kijinga na nililifanya nikicheka.

Asubuhi Mwampashi alituita na ndoo. Mtaalamu anakuja kesho, kwa hiyo mto uongezewe wadudu. Anajua walipo. Kwenye dimbwi linalooza nyuma ya rundo la maganda, minyoo wekundu tele. Tuchote, tukamwage chini ya mfereji. Huyu mtu anapima kila kitu kwa ndoo. Ukimletea kahawa, ndoo. Ukimwomba ruhusa, umejaza ndoo ngapi. Kaona wadudu nao ni hivyo, wengi ndiyo wazuri.

Nilijua anajichimbia kaburi. Sikumwambia. Nilibeba ndoo yangu ya kwanza nikiwa na furaha ya moyoni kabisa. Siame alinikonyeza. "Peleka mashahidi, mulamu."

Nilipomwaga, furaha ikakatika. Shahidi wa kupangwa ni wa kupangwa, hata akinisemea mimi. Wale wa juu hakuna aliyewapanga. Niliweka ndoo chini. Mwampashi akauliza kuna nini. Nikamwambia mimi sibebi tena. Akasema basi kesho usije. Nikamwambia kesho nakuja.

Jumanne, 5 Agosti

Nilikwenda. Nilisimama mtoni kabla gari la Atupele halijasimama.

Alianza kuandaa wavu mahali pale pale tulipomwaga. Mwampashi pembeni, anatabasamu. Nikasema mbele ya wote: "Dada, usipime hapa. Jana tumemwaga minyoo kwa ndoo. Ndoo moja ni yangu."

Mwampashi akasema huyu ni kibarua niliyemfukuza, ana kinyongo. Atupele akauliza wengine. Walitazama viatu vyao. Kisha Siame akasema, polepole, mimi nilibeba nne.

Nne. Na mimi nilikuwa namwona mzaha mtupu.

Atupele hakucheka wala hakunipongeza. Aliandika. Akasema sehemu ile haifai tena, tushuke kivukoni, ambako ndoo zetu hazikufika. Nikachokonoa mawe. Yana ute wa kijivu, miguu inateleza. Tulimwaga kwenye beseni. Minyoo wekundu, ruba wawili, basi. Mama mmoja mwenye dumu alichungulia, akauliza, "Hivyo ndivyo tunavyokunywa?" Atupele akamsogezea beseni aone vizuri.

Wakati wa kukunja wavu Atupele aliniambia, "Kaka, ungenyamaza, jibu lingekuwa hili hili."

"Najua. Lakini lisingekuwa la mto."

Gari lilipoondoka, Mwampashi alinyoosha kidole kwenye njia. Mimi na Siame. Sijutii. Niandike tena. Sijutii.

Alhamisi, 7 Agosti

Mfereji umefungwa tangu jana. Vibarua wamepewa majembe, wanachimba mashimo ya maji machafu kwenye uwanja wa mtambo. Mwampashi anatafuta wengine wa kuchimba. Alimtuma mtu kumwita Siame. Siame amekwenda, ana mama mgonjwa. Mimi hajaniita. Asipoteze muda wa mtu wake kunifuata, siji.

Leo nilipita kivukoni. Maji bado yananuka, ila kidogo. Nikageuza jiwe moja. Hakuna kitu. Atupele alisema wa juu watashuka wenyewe maji yakiwaruhusu, hakuna wa kuwabeba.

Nimefunga mzigo. Masweta nimemwachia Siame. Jumamosi napanda gari Mlowo, jioni nitakuwa Kamsamba. Nimemwambia mke wangu asiweke maji ya kuoga. Nitapitia mtoni kwanza. Kwenye kivuko chetu yapo mawe machache ya kugeuza.