Waya Aliounyoosha Mjomba Wako

Mke mwenzangu, mjukuu wangu Mwanaidi,

Mkono huu uliufundisha mwenyewe kuandika, na leo unaandika kwa hasira, kwa hiyo vumilia mwandiko. Shule sikuiona mimi, lakini nilichoelewa nimeelewa.

Mjomba wako Hamisi kaharibu waya wako. Ule ulioukunja hapa sebuleni ukifuatisha picha aliyokupa mwalimu wako, mimi nikikushikia ncha. Tangu biashara iachiwe huru, mwanangu haoni kitu ila mitumba. Wiki iliyopita narudi kutoka Kariakoo, nakuta waya umenyooshwa ukuta hadi ukuta, umetundikwa magauni! Nikapiga kelele. Ananijibu, "Mama, si waya ule ule? Sijakata hata kidogo."

Ule ule! Nikamwambia, "Utumbo wako nikiunyoosha toka hapa Mchafukoge mpaka Posta, si utumbo ule ule? Haya, kula wali!"

Ulinieleza mwenyewe, siku ile ulipotia tope la Mto Msimbazi kwenye sufuria yangu ya maziwa. Vijidudu vya tope vina kimeng'enya, uzi mrefu wa protini, na waya wako ndio mfano wake. Uzi ukinyooka, bure. Ukijikunja unavyotakiwa, unakumbatia chuma na nikeli katikati na kuacha kijia chembamba. Haidrojeni inapita, inapasuliwa. Oksijeni ikipenya, kazi inakwama. Nilikutukana kwa ajili ya sufuria, lakini nilisikia kila neno.

Na Neema, rafiki yako wa chuo, alikuwa anakuja Ijumaa kuuchukua, aueleze mbele ya walimu kwa jina lako. Nikayatupa magauni chini. Nikakunja siku mbili, vidole vikachubuka. Neema akauzunguka, akasema, "Bibi, kijia hiki kipana mno, oksijeni itaingia." Akakibana kidogo, akalia. Mimi sikulia.

Maana nimekukasirikia wewe, Mwanaidi. Uliyajua yote hayo ya kitu kidogo kupenya kikaua kazi nzima, halafu ukakaa na homa siku tatu unaniambia, "Uchovu tu, bibi." Ya nne tukakuzika. Unanificha mimi? Mimi!

Walimu wamelisikia jina lako. Neema kaja kunipa habari, kakaa, kaegemea ukuta: "Nimechoka tu, bibi." Nikamkokota mpaka zahanati, pekupeku. Wakampima, hana ugonjwa wowote. Wamenicheka pale. Wacheke.

Lala, mwanangu. Hasira haijaisha, na sikudanganyi kwamba itaisha. Ila nakuahidi, hakuna mtoto atakayeniambia tena amechoka tu, nikamwamini kabla sijamgusa paji la uso.

Bibi yako