Breki Zinalia, Nami Nasikia Jina la Celina Tu

Dada mshauri, usinicheke, maana hata dada yangu sijamwambia. Mume wangu Evarist ana Corolla ya zamani, anafuatia samaki Muleba, na mwaka huu ikaanza kulia kila akikanyaga breki, mlio mwembamba unaokera masikio, akaipeleka gereji moja huko huko Muleba ambako fundi ni mwanamke, Celina, basi tangu hapo nyumbani ikawa Celina kasema hivi, Celina kasema vile, hadi siku moja nikamfuata nikawakuta wamechuchumaa kwenye tairi, anamwonyesha kitu, na mume wangu anacheka kicheko ambacho mimi sijakisikia siku nyingi. Nikamkataza kukanyaga pale. Akatii bila neno, lakini hakwenda kwa fundi mwingine, mlio ukageuka mkwaruzo, na juzi kwenye mteremko wa Ijumbi gari likakataa kusimama, akavuta breki ya mkono tukaingia kwenye migomba ya watu, mtoto wetu Ombeni akiwa kiti cha nyuma. Hatukuumia. Evarist akazima injini, akasema taratibu, "Mama Ombeni, siku ile Celina alikuwa ananionyesha pedi za breki zilivyokwisha." Nami badala ya kumshukuru Mungu nikachukia tu kusikia jina lile. Sasa anataka Celina ndiye alitengeneze. Nimkubalie?

Benigna, Kahororo

Benigna, pole, na sikucheki. Lakini gari lilikuwa linawaambia hatari kwa wiki kadhaa, wewe ukawa unamsikiliza mwanamke ambaye hata hayupo ndani. Breki ikilia mlio mwembamba, mara nyingi pedi zinakaribia kwisha. Ikikwaruza, chuma kinasaga chuma, na hapo hakuna safari tena.

Gari livutwe, lisiendeshwe. Nendeni kwa Celina wote wawili, umsalimie kwa jina, umwombe akuonyeshe pedi za zamani, na muulize kama diski, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi, zimeharibika. Kama kuna jambo kati yao utaliona mchana kweupe, na mimi sidhani kama lipo. Hicho kicheko ulichokikosa, mwambie Evarist mwenyewe. Yeye anadhani mnagombania gereji.

Naye Evarist simwachi. Baba mwenye mtoto garini hanuni kimya huku breki zinakwisha. Siku nyingine ukimkataza jambo kama hili, abishe.