Kopo la Nikeli Ulilonikataza Kufungua

Mpendwa Baba,

Neno hilo la kwanza nimeliweka kwa sababu Mama alinilea kwa adabu. Usilishike sana.

Uliandika kwenye grupu la familia kwamba unakuja Minnesota kwa ruracio yangu, sherehe ya mahari, ukalie kiti cha baba na kupokea mahari kutoka kwa watu wa Daudi. Shangazi zangu wakajaza simu yangu amina na haleluya. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi ninayeolewa. Basi kwa kuwa ulisema mbele ya wote, nami nakujibu mbele ya wote.

Nianze na zile Jumamosi zetu, maana zilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Ulikuwa ukitoka kazini kwako, kutunza wazee hapa kwetu Eden Prairie, unapitia benki na kurudi na nikeli, zile sarafu za senti tano, zimeviringwa roli kwa roli katika karatasi ya buluu. Mama alikuwa zamuni kazini. Mimi nawe tunatandika taulo mezani ili zisipige kelele, unagonga roli kwenye ukingo wa meza kama yai, zinamwagika. Kazi yangu ilikuwa kuchambua.

"Wale wanaokuangalia usoni ni wa juzi, mum, weka kando," ulikuwa ukiniambia, maana mum ndilo jina uliloniitia mimi. "Sisi tunatafuta wanaoangalia upande."

Kwani kwenye nikeli mpya yule rais wao wa kale anakukodolea macho, na kwenye za zamani anaonekana shavu moja tu, kama mtu aliyekasirika. Ulinifundisha kusoma mwaka. Ulinifundisha kugeuza na kutafuta herufi kubwa juu ya paa la ile nyumba ya mgongoni, ishara kwamba sarafu ilitengenezwa wakati wa vita na ina madini halisi ya fedha ndani. Tulipompata nyati, aliyechorwa kwenye nikeli za zamani zaidi, ulisema huyo ametoroka mbuga ya Mara bila visa. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Halafu siku ile nikaipata iliyogongwa vibaya kiwandani, mzee amekatwa nusu ya kichwa, upande mwingine mtupu na laini kama kifungo. Uliruka kutoka kwenye kiti. "Hiyo, mum! Hiyo hata profesa hana!" Ukaninyanyua juu na kunizungusha jikoni. Tukaiita Nusu Uso. Ukaitia pamoja na zile nyingine nzuri kwenye kopo la majani ya chai alilotuletea Cucu, bibi yangu, kutoka Thika.

Zile tulizozikataa tulizifunga upya, tukavuka mji mzima kuzipeleka benki nyingine, kule Inver Grove Heights. Niliwahi kukuuliza kwa nini tusizirudishe hapo karibu tulipozitoa. "Ukirudisha makapi ulipoyatoa," ukasema, "kesho utauziwa makapi yako mwenyewe." Nilikuona mtu mwerevu kuliko wote duniani. Nilikuwa mtoto, nisamehewe.

Kisha ukasema unaenda Kenya kusimamia ujenzi wa nyumba yetu. Nyumba ikaisha, ikapata mama mwingine ndani. Lakini siku ya kuondoka ulinishikisha lile kopo, umelifunga kwa utepe wa gundi kuzunguka mfuniko, zito mpaka mikono ikashuka. "Usifungue mpaka siku watakapokuja kukuposa. Hii ndiyo harusi yako, mum." Ukanibusu kwenye paji la uso.

Nikatii. Kopo likakaa juu ya friji, na Mama akawa analipangusa vumbi kila anapopangusa friji. Kuna msimu wa baridi gari lilikufa kabisa. Wewe unaijua Eden Prairie, mtu hu-drive hata kwenda kununua maziwa. Mama alikuwa akitembea kando ya barabara kwenye theluji, watu wanasimamisha magari kumuuliza kama amepotea. Nikamwambia, Mama, tuuze sarafu. Alivaa buti zake huku akinijibu: "Hizo ni zako. Baba yako ametukosea mengi, lakini hiyo moja aliifanya vizuri."

Unasikia? Alikutetea, Baba. Na miguu imelowa, alikutetea.

Watu wa Daudi walipoleta habari, nikasema sasa wakati umefika. Jumamosi asubuhi nikatandika taulo, Mama akakaa kwenye kiti chako cha zamani na kikombe chake. Nikakata utepe, nikamwaga.

Wote walikuwa wananiangalia usoni.

Nilizipekua zote. Sikuona shavu, wala nyati, wala herufi juu ya paa. Nilimtafuta Nusu Uso hadi ndani ya kopo, nikaingiza mkono na kupapasa chini kama mjinga. Hukujisumbua hata kuchanganya. Ulivunja roli mpya za benki, nyingine zilikuwa bado zinang'aa, ukamimina. Mama alianza tu kulikunja taulo, sarafu zikiwa bado ndani.

Nikakupigia. Angalau hukukana.

"Mum, nili-panic," ulisema. "Ticket ilikuwa imepanda. Kuna mzungu wa Golden Valley alikuwa ananunua. Na ni nickel tu, si nitaku-refund?"

Ni nickel tu. Wewe uliyeninyanyua ukanizungusha jikoni.

Sikukasirika kwamba uliuza. Shida huuza hata shamba la urithi. Ungeniambia, "Mum, nimeuza, kopo ni hili tupu," ningelia, ningelala, ningeamka. Lakini ulikaa mahali ukalijaza. Ulitaka liwe zito. Ulipima uzito wa kumdanganya mtoto, ukaona unatosha, kisha ukafunga utepe. Na mtoto mwenyewe ni yule uliyemfundisha kutofautisha nikeli na nikeli. Nimejaribu sana kuelewa hapo. Ulisahau kwamba ulinipa macho? Au ulijua nitakutii miaka yote hiyo, na ukautegemea utiifu wangu? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilidhani ni msemo wa kuwatisha watoto shuleni.

Kanisani wananiambia baba ni baba. Nakubali kabisa. Ndiyo maana kiti cha baba atakikalia Mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa akitoka upande wa pili wa mji kunipeleka shule gari letu lilipokufa, na ambaye hajawahi kuniahidi chochote. Yeye ndiye atakayepokea mahari. Yeye ndiye watakayemuuliza kama binti yuko tayari. Tayari nimemwomba, akasema sawa.

Wewe njoo. Sikufungii mlango, na Mama amesema usifungiwe. Utakaa na wageni wengine, utakula mukimo na nyama, utapiga makofi wakati wake. Na kwa kuwa kwetu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu, nawe hutarudi mikono mitupu. Nimezirudisha zote kwenye kopo la Cucu, nikafunga kwa utepe mpya, vizuri kama ulivyofunga wewe. Utarudi nalo Thika. Huko hakuna benki itakayokubadilishia sarafu za huku, kwa hiyo hutaweza kuzipeleka popote. Liweke juu ya friji ya nyumba ile. Siku utakayolifungua, wote watakuangalia.

Safari njema ya kuja, na ya kurudi.

Binti yako