Fomu Namba 17

Shoga, acha unachofanya.

Lile dodoso letu la afya ya akili wakati huu wa korona, si watu wanajaza mara mbili, tuone kama majibu yanalingana, na anayeonyesha hatari tunaahidi kumpigia simu?

Awamu ya kwanza, namba 17 alijaza “kila siku” tupu. Silali: kila siku. Natamani kufa: kila siku. Bosi akasema, “Huyu kajaza ovyo, mtoe, anatuharibia hesabu.”

Nikamtoa. Mimi, kwa mkono wangu!

Leo fomu za pili zimerudi. 17 ni vilevile. Chini kaandika: “Mliahidi kunipigia simu. Nilingoja.”

Alingoja, shoga. Wiki mbili!

Nimempigia sasa hivi. Kapokea mkewe, sauti imemkauka kwa kulia: “Ninyi ndio wa ile fomu?”