Teke Moja la Jumamosi

Jumatatu, 3 Oktoba 2016

Yadi arobaini na saba — mpira katikati ya milingoti ya goli! Nilitoka uwanja wa soka na soksi zangu ndefu, wavulana wa futiboli, ile ya Kimarekani ya mpira wa umbo la yai, wakacheka. Nikapiga mateke matatu, yote yakaingia. Mpigaji wao kaumia paja, na Jumamosi wanacheza na wale majirani wa ng'ambo ya mto. Kocha Tillman kaniomba niwasaidie. Anasema hawapotezi chochote, karo yangu tayari inalipwa na ufadhili wa soka. Mimi, Lorna Kubicek, mwanamke wa kwanza kuvaa jezi ile! Nimempigia Mama. Keshawaambia mashangazi wote.

Jumanne, 4 Oktoba

Anayenirushia mpira ni Dewey Haskett. Anainama, anaupitisha katikati ya miguu, unatua mikononi mwa mshikaji anayeusimamisha chini, mimi napiga teke. Hakosei huyu! Analalamika kwamba chuo kizima kinamjua kwa makalio tu. Mwaka wa tatu sasa anajilipia karo kwa kuosha vyombo kantini. Kocha kamwahidi nafasi ya ufadhili kuanzia Januari. Ameniambia kwa sauti ya chini, kama vile bahati inaweza kusikia ikakimbia.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nina hasira, wacha tu. Bi. Osgood wa ofisi ya kanuni za michezo katuita, mimi na Kocha. Kumbe mtu mwenye ufadhili wa soka akiingia mechi ya futiboli, hata kwa teke moja, ufadhili wake unahesabiwa upande wa futiboli. Na futiboli imebakiwa na nafasi moja tu ya ufadhili. Ya Dewey! Kocha alidhani amepata mpigaji wa bure. Kisha kasema fomu ya kuingia futiboli ni yangu, nisaini au nisisaini. Mwanamume mzima, kunitwika mzigo wake!

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimemfuata Dewey kantini, nikamweleza yote. Nikasema sichezi. Akaendelea kusugua sufuria.

"Usinionee huruma, Lorna," akasema. "Miaka mitatu nawarushia watu wasiojua kupiga. Kesho nataka kumrushia anayejua."

Nikamuuliza, na karo je? Akasema sufuria hazijaisha. Nimejivunia rafiki yangu mpaka machozi yakanitoka, na nimeona aibu vilevile.

Jumamosi, 8 Oktoba

Chumba cha kubadilishia nguo. Nusu saa kabla ya mechi. Jezi nimevaa. Fomu iko magotini, haina saini. Bi. Osgood anasubiri nje ya mlango. Mama yuko jukwaani na mashangazi watano, wanaimba jina langu — na mimi, Mungu anisamehe, nataka kupiga! Nataka sana.

Dirishani nawaona wachezaji wakipasha misuli. Mpigaji wa akiba, mmoja wa wale wasiojua kupiga, keshasimama mahali pangu, tayari. Kocha amepuliza filimbi mara mbili. Dewey hainami kumrushia. Ameukumbatia mpira kifuani, anautazama mlango huu.

Jamani Dewey, mrushie huyo, si uiname!